Chumba Kimoja, Mgeni Mmoja

Kila wiki mnanijia hapa. "Bro, viatu Guangzhou bei gani? Bro, jinzi je?" Bei, bei, bei. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza: bro, nitalala wapi? Sasa leo mtanisikiliza mimi, na anayetaka bei akasimame nje.

Na msinicheke nikisema nimestaafu. Najua sina mvi. Lakini ile kazi ya kupokea wafanyabiashara wa kwetu, kuwatembeza sokoni, kuwatafsiria na kuwatafutia vyumba, nimeifanya mpaka imenitoka, na siirudii. Niliingia kule Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Waswahili tulikuwa wachache mpaka ukisikia mtu kasema "jamani" barabarani unamkimbilia hata kama humjui. Mara moja nilikimbia barabara nzima, napiga watu vikumbo, kumbe ni Mpakistani anamwita rafiki yake Jamali. Nikajifanya nawahi basi. Nikalipanda kweli, likanipeleka nisikokujua.

Kichina sikusoma shule. Nilijifunzia Zhanxi, barabara ya viatu na nguo pale karibu na stesheni ya treni, huku mikokoteni inanigonga visigino. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kikokotoo: muuzaji anabonyeza namba, na wewe unabonyeza ya kwako, mnatazamana kama mabubu. Sasa kwao neno la kununua na neno la kuuza ni lilelile, tofauti ni sauti tu. Moja inazama halafu inapanda, nyingine inaanguka kama jiwe. Mi wiki nzima nilikuwa naingia kwenye maduka ya watu nawaambia kwa nguvu, "Nauza! Nauza viatu!" Mama mmoja akaniuliza viko wapi. Nikamwonyesha vya kwake. Akaita majirani waje kumwona mwehu.

Kaka Haji alikuwepo siku ile, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mdogo wangu," akaniambia, "weye wasema Kichina kama mtu anafukuza mbuzi shambani. Teremsha sauti. Kwanza teremsha sauti, maneno yatakuja."

Huyo Kaka Haji ndo habari yenyewe. Mtu wa Unguja, mfanyabiashara wa viatu vya shule, kanizidi umri kwa mbali, ila mwenyewe alinikataza kumwita mzee. Nilipofika Guangzhou, yule aliyeniahidi kazi hakutokea. Kaka Haji alinikuta nje ya stesheni nagombana na mtu wa mkokoteni, mizigo yangu chini, mvua inanyesha, mi nafoka Kiswahili na yule anafoka Kikantoni. Akasimama katikati, akamlipa yule, akanishika bega. Hakuniuliza mimi nani wala dini gani. Akasema, "Twende ukajikaushe." Basi. Kuanzia siku hiyo mtu akimsema vibaya Kaka Haji, mi nakunja mikono ya shati.

Tuliishi chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, nyuma ya Tianxiu, lile ghorofa la ofisi za Waafrika na mawakala wa mizigo. Mwenye nyumba alikuwa mama mzuri tu. Siku moja akaja na mfuko wa machungwa, akatuambia mwanawe anaoa, chumba anakihitaji. Hakuna ugomvi. Tukala machungwa, tukafunga mabegi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndo mtego. Kule mgeni ukitaka kuongezewa viza, lazima polisi wajue unalala wapi. Lazima mwenye nyumba akuandikishe. Huna chumba, huna andikisho. Huna andikisho, huna viza. Na viza ya Kaka Haji ilikuwa inaelekea mwisho, wakati viatu vyake bado viko kiwandani vinashonwa. Akiondoka kabla, kiwanda kinabadilisha soli, watoto wa Unguja wanafungua shule na viatu vya karatasi. Ndivyo alivyokuwa anasema yeye. Mi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuisema: akiondoka, mji mzima ule sina mtu. Viza yangu ilikuwa bado mbichi, ningebaki. Ningebaki na nani?

Tukaanza kuzunguka nyumba za wageni. Na hapo ndo utajifunza neno la kwanza la Kichina hata kama ulikwenda na masikio ya mbao: meiyou. Maana yake hakuna.

Ile ya kwanza, binti wa mapokezi hakunyanyua hata kichwa. "Meiyou."

Nyuma yake kuna ubao umejaa funguo, kila moja na kibao chake, zinaning'inia tu.

"Meiyou nini na mafunguo yote hayo?" nikamfokea kwa Kiswahili, maana nikikasirika Kichina kinanitoroka. Halafu kikarudi kidogo, nikaanza kuzihesabu kwa sauti huku nazinyooshea kidole: yi, er, san! Watu wakatoka vyumbani na taulo mabegani kuangalia sinema. Kaka Haji akanivuta shati.

"Basi. Twende."

"Kaka, huyu anadanganya!"

"Naona, nna macho miye. Sasa ukishamshinda, utaulalia ushindi?"

Tukatoka. Kwingine meiyou. Kwingine meiyou na mkono, kama anafukuza nzi. Kaka Haji akanambia, "Kwetu Unguja mtu hakwambii hapana. Hukwambia inshallah, pita kesho. Wapita kesho, wapita keshokutwa, mpaka wachoka mwenyewe. Hawa angalau hawakuchoshi miguu." Alisema akicheka, ila nilimwona kaegemea begi, miguu imemvimba.

Kwa muda tukalala kwenye hoteli moja kubwa yenye ruhusa ya kupokea wageni wa nchi za nje, zile zenye mlango unaojizungusha. Pale hawakatai mtu, lakini chumba cha usiku mmoja ni bei ya viatu vya darasa zima. Haikuwezekana kukaa.

Ndo tukakutana na Dada Ester. Mzaliwa wa Moshi, anaishi Marekani kwenye jimbo mojawapo, kaja kununua viatu vya kike. Mi ndo nilikuwa namtembeza sokoni. Mchana tukakaa watatu kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu, mi nikamwaga hasira zangu zote mezani.

"Umegombana na hoteli ngapi, mdogo wangu?" akauliza.

"Zote."

"Kule jimboni kwetu huyo binti angekuwa na kesi," akasema. "Tuna sheria ya jimbo. Kazi, nyumba, na sehemu yoyote iliyowafungulia watu mlango: hoteli, mgahawa, saluni, sinema. Huruhusiwi kumkataa mtu kwa rangi yake, wala dini yake, wala alikotoka."

"Akikukataa?"

"Unapeleka malalamiko kwenye tume ya jimbo. Anaitwa, anajieleza."

"Anafungwa?"

"Hafungwi. Analipa fidia, au anakupa chumba."

"Na baada ya hapo anakupenda?"

Kaka Haji akapaliwa na tambi. Dada Ester akanikazia macho. "Sheria haikuandikwa ili upendwe, bwana. Iliandikwa ili upate ufunguo."

Wallahi lile neno lilinikaa. Nikamuuliza, sasa mtu akisema vyumba vimejaa, utajuaje kama ni kweli? Hapo ndo akatuambia kwamba alishawahi kufanya kazi ya upimaji. Si kupima mashamba: kupima milango. Wanatumwa watu wawili kwenye nyumba ileile. Anatangulia mweusi, anafuata mweupe. Mavazi ya aina moja, kazi ya aina moja, maswali yaleyale. Wanatofautiana kitu kimoja tu. Mweusi akiambiwa pamejaa na mweupe akaonyeshwa chumba, basi, uongo umekamatwa.

"Na huku?" nikauliza. "Huku sheria ya namna hiyo ipo?"

"Ya kazi nasikia ipo. Ya vyumba sijaisikia. Mi si mwanasheria wa huku."

"Haidhuru," nikasema. "Mi nataka kupima."

"Ukishapima utampelekea nani majibu?" Kaka Haji akauliza.

Nilitaka tu kujua kwamba sina wazimu. Nyie mtakuja kuijua hiyo hali: ukikataliwa sana unaanza kujinusa kwapa.

Kwa hiyo tukamtafuta Fang. Fang alikuwa mshonaji kule Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vyembamba, kila dirisha cherehani. Alikuwa anatushonea sampuli, na alikuwa na mdomo kama wangu, ndo maana tulipatana. Nikamweleza. Akaacha kushona.

"Yaani niende nikaombe chumba nisichokitaka, ili wewe ujue kama hupendwi?"

"Ndiyo."

"Si ungeniuliza mimi tu? Hupendwi."

Wasichana wote wa pale wakacheka. Lakini akakubali. Dada Ester akamvalisha koti lake, akamfundisha maswali: chumba kipo, bei gani, naweza kuhamia lini. Mi nikavaa shati safi. Kaka Haji akakataa kuja, akabaki na mabegi.

Tukachagua jengo lenye karatasi nyekundu mlangoni: chumba kinapangishwa. Nikapanda mimi kwanza. Mama mwenye nyumba akafungua mlango nusu, nikauliza taratibu kabisa, sauti nimeiteremsha kama nilivyofundishwa. Meiyou. Kimeshachukuliwa. Nikashuka, nikamwambia Fang, "Sasa wewe." Akapanda. Mi na Dada Ester tukasubiri karibu na fundi baiskeli. Nishaanza kupanga hotuba nitakayompa yule mama.

Fang akarudi upesi kuliko nilivyorudi mimi.

"Kimo?" nikamuuliza.

"Meiyou."

"Kweli kimechukuliwa?"

"Kimo. Nimekiona, mlango uko wazi, kina kitanda." Alikuwa anafunga nywele upya, hanitazami. "Kasikia lafudhi yangu. Akauliza kwenu wapi. Nikasema mkoa wa Henan. Akasema watu wa Henan hataki."

Nikamtafsiria Dada Ester. Dada Ester akamtazama Fang ndani ya lile koti. Halafu akasema polepole, "Hili kwenye mafunzo hatukufundishwa. Mizani yenyewe imekataliwa."

Mi damu ishapanda. Nikaanza kuzielekea ngazi. Fang akakamata mkanda wa begi langu. "Unakwenda wapi?"

"Kumuuliza Henan imemkosea nini!"

"Wewe ukipiga kelele, mbaya zaidi utarudishwa kwenu. Mimi kwetu ni hapahapa China, na bado nikikutwa barabarani bila kibali cha kuishi mjini nachukuliwa. Kaa chini."

Nikakaa chini, ukingoni mwa barabara. Mi huyu. Fang akakaa upande mmoja, Dada Ester upande wa pili, na suruali yake ya gharama. Tukatazama baiskeli zinapita. Baadaye Fang akaniuliza, "Hiyo sheria ya kwa dada, inahesabu na mkoa?"

Nikatafsiri. Dada Ester akasema, "Mwambie inahesabu alikotoka mtu."

Fang akafikiri. "Basi mwambie waandike moja na kwa ajili yangu."

Sikulitafsiri vizuri lile neno. Lilikuwa zito, nikalitoa nusu. Dada Ester akaondoka wiki ileile na viatu vyake, akaenda kwenye tume zake na milango yake. Nilimwonea wivu, siwafichi. Si wivu wa Marekani. Wivu wa kuwa na mahali pa kupeleka jibu lako.

Lakini Fang ndiye aliyenipa dawa, na hii andikeni, maana sijaisikia kwingine. Aliniambia, "Unauliza vibaya. Unaingia unasema 'you meiyou', ipo au haipo. Umeshamwekea jibu mkononi, na yeye anachukua la mwisho. Usiulize ipo-haipo. Akisema meiyou, wewe muulize: hai cha shenme? Bado kinakosekana nini?"

Nyie mnaona ni kitu kidogo. Jaribuni. Mtu anayekataa amejiandaa kukataa, hajajiandaa kutaja kinachokosekana. Lazima afikiri. Nikarudi kwenye milango ileile iliyotufukuza, sauti chini, nauliza kinakosekana nini. Mmoja akasema: ruhusa, nyumba yangu haina ruhusa ya kupokea watu wa nje, nikikupokea wananifungia. Kumbe! Huyo si mbaya, ana mkono umefungwa. Yule binti wa funguo ndo alikuwa hivyohivyo. Alikuwa anaogopa, na mi nilikuwa namhesabia funguo. Mwingine akasema mke wake anaogopa watu weusi. Nikamwambia mlete mke tuongee. Akacheka, akafunga mlango, lakini alicheka. Mwingine akanitazama usoni akasema, "Hakikosekani kitu. Sikutaki tu." Bwana, hata huyo nilimshukuru. Sikumrudia tena, miguu ikapumzika.

Kwa hiyo mkikutana na meiyou, msiivae yote moyoni. Kuna ya mkono uliofungwa, na kuna ya moyo uliofungwa. Ya kwanza unaweza kuitafutia dawa. Ya pili ndo inahitaji sheria ya Dada Ester, na kama sheria hamna, inahitaji miguu ikupeleke mlango mwingine.

Mlango mwingine tukaupata. Baba mmoja mtu mzima, Mkantoni, fulana nyeupe, ndege kwenye tundu barazani. Chumba ghorofa ya saba, kina dirisha linaloangalia barabara. Nilikwenda na Kaka Haji. Nikauliza. Meiyou. Nikauliza: bado kinakosekana nini, laoban, bosi wangu?

Akanitazama. Akamtazama Kaka Haji, kofia yake, miguu yake. "Kinakosekana utulivu," akasema. "Wageni wengi, polisi wa mtaa wanapanda ngazi kila siku. Mmoja nitamwandikisha mwenyewe, leo hii. Mkubwa huyu. Wawili, hapana. Na wageni wa mgeni wasipande. Mlinzi wangu hapo chini atazuia."

"Kasemaje?" Kaka Haji akauliza.

Kichina chote alichojua Kaka Haji kilikuwa namba na asante. Nilijua nikimwambia ukweli, atanyanyua begi, aseme twende. Namjua. Angeenda kulala uwanja wa ndege kuliko kuniacha nje.

"Kasema karibu," nikamwambia. "Anakuandikisha wewe leo, kwa sababu viza yako ndo ya haraka. Mi ataniandikisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Inshallah."

Akanikata jicho. Mtu wa Unguja, neno lile analijua kuliko mimi. Nikamgeukia yule baba haraka, nikamwambia kwa Kichina safi kuliko vyote nilivyowahi kusema: "Mmoja tu. Nimekubali." Na nyie msinikodolee macho. Ingekuwa leo ningedanganya vilevile, na kwa sauti kubwa zaidi.

Akaandikishwa. Viza ikaongezwa. Kila asubuhi alikuwa anapanda basi kwenda kiwandani kuzikunja soli kwa mikono yake. Mi nikapata pa kulala kwenye stoo ya wakala mmoja wa mizigo, juu ya marobota ya mashuka, pananuka plastiki na dawa ya wadudu. Kaka Haji nilimwambia nimepata chumba cha bei poa, ila mwenye chumba hapendi wageni. Akasema, "Na huyo pia?"

Mwanzoni tulikuwa tunakutana sokoni. Halafu kiwanda kikamshika, akawa anarudi jioni amechoka, ngazi za ghorofa saba hawezi kuzishuka tena. Mi nikawa napita kumjulia hali, na mlinzi ananyoosha mkono wake: mwisho hapa. Sikugombana naye hata siku moja. Mi huyuhuyu. Maana mi ndiye niliyekubali ule mkono, kwa mdomo wangu.

Basi nikawa nasimama ng'ambo ya barabara naita, "Kaka Hajiii!" Dirisha linafunguka juu kule, kofia inachungulia. Tunazungumza kwa kupiga kelele, Kiswahili, katikati ya mji wa mamilioni ya watu. Soli zimekuwaje! Nzuri! Mvua kwenu ilinyesha! Ilinyesha! Watu wanapita wanatutazama. Tungeweza kusema lolote, hakuna ambaye angeelewa. Na ndo hivyo, tulikuwa na uhuru wa kusema lolote, na tulikuwa tunasema mambo ya soli.

Jioni moja akaniuliza kitu, mlinzi akanisogelea kutaka kujua mzee anasema nini. Nikamtafsiria: anauliza, chi fan le meiyou, umekula au hujala. Mlinzi akafurahi sana. "Hata nyie mnaulizana hivyo!" Akanipigapiga begani, akarudi kwenye kiti chake mlangoni, akaketi palepale njiani kama kawaida.

Kule juu Kaka Haji bado anasubiri, mkono nyuma ya sikio.

"Nimekula, Kaka!" nikamjibu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Nimekula, nimeshiba! Funga dirisha, baridi hiyo!"

Sikuwa nimekula. Nikasubiri mpaka akafunga.